Kijiji Nilichokiandika Kuwa Pori

Ipo siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu Nadege, na leo umenilazimisha kuikumbuka. Hebu weka hiyo simu mezani. Iweke, haitakimbia. Umeingia hapa kwangu Kapata na machozi yako na hasira zako, hata kunisalimia umesahau, unasema tu, "Mama Feza, banafuta kazi yangu yote! Mi naacha. Bale batu habatupende."

Nimekusikia. Umeandika ukurasa wako wa kwanza katika ile kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika na mtu mwingine yeyote akaisahihisha. Umeandika habari za akina mama wanaoosha mawe ya shaba mtoni, kama shangazi yako alivyokusimulia. Na kabla chai yako haijapoa, mhariri usiyemjua ameuondoa ukurasa wote na kukuachia swali moja: chanzo chako ni nini? Wiki tatu za kazi, jamani. Hata mimi ningelia. Tena mimi nililia zaidi yako, na nilimtukana mtu juu yake. Sasa kaa, kunywa maji, nikueleze jinsi sentensi yangu moja ilivyotaka kupitisha barabara ya malori juu ya makaburi ya watu.

Usidhani nilizaliwa na mvi hizi. Nilikuwa bado sijafika arobaini, mwalimu wa biolojia, na nilikuwa najiona. Loo, nilivyokuwa najiona! Katika nyumba zote hizi za kampuni ya mgodi hakuna mtu aliyekuwa anaandika kwenye kamusi ile isipokuwa mimi. Kila Jumamosi mchana nilikwenda saiba ya intaneti mjini Kolwezi, nikakaa mbele ya kompyuta, nikatafuta habari za kwetu, nikakuta hakuna kitu. Nikasema, nani ataandika kama si mimi? Nikajiandikisha kwa jina langu na mtaa wangu, Mwalimu Feza wa Kapata, ili kila mtu ajue ni nani huyo anayeandika vizuri hivyo. Walimu wenzangu walinicheka, mimi nikawaona wana wivu.

Basi likizo moja nilikuwa natoka Kasaji, niko juu ya lori na magunia ya mahindi ya mama yangu. Lori likaharibika njiani. Dereva akasema anakwenda kutafuta kipuri, kesho atarudi. Alirudi siku ya tatu. Sisi abiria tulipokelewa katika kijiji cha Walunda kilicho karibu na pale, kijiji kinachoitwa kwa jina la chifu wake, Satemba. Mzee Satemba alikuwa na miaka kama sabini, mwembamba, mpole, mtu wa kucheka taratibu. Alitupa mahali pa kulala, akatupa ugali wa bukari na samaki wa mtoni, wala hakutuuliza tunakwenda wapi mpaka tuliposhiba.

Asubuhi ya pili nilimkuta anatengeneza mzinga wa nyuki, nikakaa karibu naye, nikamwomba anisimulie habari za kijiji. Hakuringa. "Mi njo nilivukaka Lualaba na batu bangu," alisema. "Mi njo nilikataka miti ya kwanza hapa. Ndugu yangu wa ng'ambo alikuyaka na njaa, nikamupatia udongo wa kulima." Nikaandika yote kwenye daftari, mkono unakimbia. Swali hata moja sikuuliza. Mimi, mwalimu mzima, ninayewafokea wanafunzi wasiouliza maswali!

Niliporudi Kolwezi nilikwenda saiba moja kwa moja. Niliandika kwamba kijiji kilianzishwa na chifu Satemba, ambaye yuko hai mpaka leo. Ningeishia hapo, pengine kosa lingekuwa dogo. Lakini niliitazama aya yangu nikaiona fupi, haina utamu. Nikaongeza sentensi ya kichwani mwangu, ambayo hakuna mtu aliyeniambia: "Kabla ya yeye kufika, mahali hapo palikuwa pori tupu." Nikaisoma kwa sauti pale pale, mpaka jirani yangu akageuka. Niliipenda sana sentensi ile, mwanangu.

Jumamosi iliyofuata nilikuta ujumbe kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Aliyeuandika alijiita Mkutubi. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa mtunza maktaba mstaafu, wa nchi nyingine kabisa, na sura yake sijaiona mpaka leo. Aliandika kwa adabu: "Mwalimu Feza, karibu sana. Naomba kuuliza, nani amesema palikuwa pori tupu?" Na kando ya sentensi yangu alikuwa ameweka alama ya kuomba chanzo.

Nikavimba! Huyu wa mbali amewahi kula bukari kwa Satemba? Amewahi kulala pale? Nilimjibu, "Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa wapi?" Nikaiondoa alama yake. Akairudisha. Nikaiondoa tena, na safari hii nikamwita jina ambalo sitalitaja mbele yako, kwa sababu mimi sasa ni mtu wa kanisani. Alinijibu mara moja tu: "Ukiwa tayari, tutazungumza." Kisha akaugua, jambo ambalo sikulijua, na ukurasa ukabaki bila mtu wa kuuangalia. Mimi nikahesabu kwamba nimeshinda.

Miezi ikapita. Asubuhi moja niko darasani, mlinzi wa shule akaja kuniambia kuna mzee ananingoja langoni. Kwenda kuangalia, ni Satemba. Amevaa koti zito kwenye joto lile, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, mkononi ana karatasi iliyokunjwa. Nilifurahi, mwanangu. Nilimwendea kwa mikono miwili, nikidhani amekuja kunishukuru.

"Mwalimu," alisema, "banasema weye njo uliandika hii. Nisomee, macho yangu haina tena nguvu."

Akanieleza, pole pole. Kampuni moja ya mgodi, jina lake halina haja, ilitaka kufungua barabara ya malori ya mawe. Barabara ilikuwa ipite kando ya kijiji, mahali walipolala wakubwa wao. Wanakijiji walisema hapana, pale kuna makaburi ya zamani. Tume iliyokuja kuamua shauri lile ikasema, tuonyesheni karatasi. Karatasi hawakuwa nayo, wapate wapi? Tume ikajitafutia yenyewe mtandaoni, na huko ikakuta karatasi moja tu katika dunia nzima inayozungumzia kijiji cha Satemba. Ilikuwa yangu. Wakaichapa, wakaiweka kwenye faili, wakasema kijiji ni kipya, mwanzilishi wake bado anatembea kwa miguu yake, makaburi ya zamani yatatoka wapi? Karani mmoja mwenye huruma alimpa mzee nakala na kumwonyesha jina la mwandishi.

Nikaanza kumsomea. Nilipofika kwenye pori tupu, nikaacha kusoma. "Endelea," alisema. Nikaendelea mpaka mwisho. Akaniuliza, wala hakupandisha sauti, "Kama ilikuwa pori, bale balilala kule beko ba nani?"

Nilibabaika, nikajitetea kama mtoto aliyevunja sahani. "Tata, baba yangu, si wewe mwenyewe ulisema ni wewe uliyevuka Lualaba? Si ulisema ni wewe uliyekata miti ya kwanza?"

Akanitazama kama anayemtazama mgeni aliyepotea. "Njo mi," alisema. "Satemba njo alivuka. Satemba njo mi."

Unaona, mwanangu, mimi ni mtoto wa Kapata. Baba yangu alikuwa Mluba wa kaskazini, aliletwa huku na kazi ya mgodi, nami nikazaliwa kwenye nyumba yenye namba ukutani. Desturi ya Walunda sikuijua, na sikujishughulisha kuijua. Kwao anayerithi ukubwa harithi kiti tu. Anarithi jina, anarithi ndugu, wajukuu wa marehemu wanakuwa wajukuu zake, na yale marehemu aliyoyafanya yanakuwa yake. Akisimulia mambo ya Satemba wa kwanza, anasema mimi. Kila mtu pale kijijini anaelewa, hata mtoto wa miaka sita. Mimi na diploma yangu sikuelewa kitu.

Siku hiyo sikungoja Jumamosi. Nilikimbia saiba, nikaifuta ile sentensi, nikaandika kwamba kijiji ni cha zamani sana, kwamba Satemba wako kadhaa, kwamba wamezikwa pale. Kesho yake nikakuta Mkutubi amepona, amerudi kazini. Pori tupu aliliacha lifutwe. Lakini habari zangu mpya alikuwa ameziondoa zote, na swali lake ni lile lile: chanzo?

Nilipiga meza kwa ngumi, mwenye saiba akanionya. Nikamwandikia, "Kuna watu watazikwa mara ya pili chini ya malori, na wewe unaniuliza chanzo!" Nikamweleza yote, langoni, tume, karatasi. Sikutegemea jibu. Alijibu saa ile ile, na maneno yake nayajua kwa kichwa mpaka leo.

"Pole sana, dada yangu," aliandika. "Sasa nimeelewa. Lakini angalia. Mwanzo uliandika hivi, leo unaandika kinyume chake, na mara zote mbili unasema, niaminini mimi. Kamusi hii inatunza kila kilichowahi kuandikwa. Tume ikifungua historia ya ukurasa itaona yote mawili, itasema kijiji kimekushawishi ubadilishe maneno. Kwa hiyo anza kwa kuandika wazi kwamba ulikosea, na ulikoseaje, na utie jina lako. Halafu tutafute kitabu. Mimi nitatafuta huku, wewe tafuta huko."

Wacha nikuambie ukweli, kuandika neno "nilikosea" mahali ambapo dunia nzima inaweza kusoma kulinichukua mchana mzima. Nilianza mara nyingi. Mara naandika lori liliharibika, mara naandika nilikuwa nimechoka. Nikafuta visingizio vyote. Nikaandika kwamba mimi, Mwalimu Feza wa Kapata, sikuuliza, kwamba maneno ya pori tupu niliyatunga mwenyewe, na kwamba nilimtukana aliyenikanya. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Kisha nikapanda pikipiki nikaenda kwa mzee. Nilimwomba anionyeshe makaburi. Akatangulia, nikamfuata. Pale walikuwa wamepanda mti wa muyombo kila walipomzika mkubwa, na miti ile ilikuwa minene, mmoja huwezi kuukumbatia. Mzee alikwenda kutoka shina moja hadi jingine akiligusa kwa kiganja. "Hapa njo nililalaka mara ya kwanza," alisema. "Hapa, mara ya pili. Na hapa, mara ya tatu." Yeye alikuwa wa nne. Kati ya miti ile vigingi vya barabara vilikuwa vimeshapigwa, vimefungwa utepe mwekundu.

Na pembeni, mwanangu, tingatinga lilikuwa limepita mara moja kujaribu njia. Lilikuwa limelikwangua kaburi la mwanamke, mama yake Satemba wa pili. Mawe yake yalikuwa yametawanyika kwenye majani. Mzee akainama, akaanza kuyaokota moja moja na kuyarudisha. Nikainama nami, nikaokota. Tulifanya kazi ile bila kusema neno mpaka jua likatuwakia utosini. Nilikuwa nangoja anifokee. Heri angenifokea, ningejua pa kuuweka uso wangu.

Mkutubi ndiye aliyenipa wazo la misheni. Alisema wamisionari wa zamani walikuwa na tabia ya kuandika safari zao na kuzipiga chapa. Nilikwenda misheni ya Waprotestanti upande wa Kasaji mara mbili kabla mama mtunza vitabu hajakubali kunifungulia kabati. Siku nzima nilipekua vitabu vilivyoliwa na mchwa. Jioni nikakiona kimoja kidogo, cha kabla mzee hajazaliwa. Kilikuwa na mistari miwili tu: kwamba wasafiri walipumzika katika kijiji kikubwa cha Satemba, na kwamba chifu aliwaonyesha makaburi ya waliomtangulia. Mistari miwili! Nilikililia kitabu cha watu mpaka yule mama akaninyang'anya nisikilowanishe.

Nikaandika upya ukurasa, Mkutubi akiangalia. Niliandika kile kitabu kilichosema, na jina la kitabu, nikaacha. Vidole vilikuwa vinaniwasha kuongeza kitu, nikavizuia. Wanakijiji wakapeleka kwa tume nakala ya kitabu, pamoja na ukurasa wa majadiliano wenye maungamo yangu. Mzee aliniambia baadaye kwamba mkubwa wa tume alisoma maungamo yale mara mbili, akasema, "Huyu mama amejivua nguo mbele ya watu. Hana faida yoyote ya kudanganya." Wakarudi kijijini, wakaiona miti ya muyombo kwa macho yao, wakang'oa vigingi. Barabara ikazungushwa nyuma ya kilima.

Makaburi yakabaki. Kaburi la yule mwanamke nalo lilijengwa upya, lakini halikuwa lile lile, na mimi nilijua ni kazi yangu.

Mzee Satemba hakuniambia kamwe kwamba amenisamehe. Nilikuwa napita kumsalimu kila nilipokwenda Kasaji, ananipokea vizuri, ananipa asali, tunazungumza habari za mvua. Jambo lile hakuligusa, nami sikuthubutu. Baada ya miaka mitatu akafa. Niliumia sana, Nadege. Nilijua sasa hakuna mtu tena wa kuniambia neno lile, na kwamba nitalibeba mpaka niingie kaburini mwenyewe.

Matanga yalipokwisha, na mrithi amekwisha wekwa, nilikwenda kutoa pole. Aliyerithi alikuwa kijana, dereva wa pikipiki wa hapa Kolwezi, ambaye sikuwahi kumwona maishani. Amekaa kwenye kiti cha ukubwa na jinzi zake, miguu imebanana kwa woga wa ugeni. Nilipiga magoti, nikamsalimu, nikaanza maneno ya pole. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwalimu Feza," alisema, "siku ile kwa makaburi nilikuwa na hasira ya nguvu, njo maana nilinyamaza. Lakini nilikusamehe pale pale, weye ulipookota mawe pamoja na mi. Nilikosa tu kukuambia."

Nilifungua mdomo nimwambie, wewe kijana hukuwepo. Nikaufunga. Labda mzee alimsimulia kabla ya kufa, sikuuliza. Safari hii nilijua ni nani anayesema nami. Nilimjibu, "Asante, tata," nikalia pale pale sakafuni, na Satemba akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

Haya, mwanangu. Nasaha zangu ni hizi. Usiache. Yule aliyeuondoa ukurasa wako, usimwite adui kabla hujasoma vizuri alichokiandika. Mjibu kwa adabu, mwambie asante, mwombe akusaidie kutafuta, kwa maana anayeuliza chanzo huenda ndiye pekee aliyeisoma kazi yako mpaka mwisho. Mimi wangu nilimtukana, na ndiye aliyeniokoa.

Kisha rudi kwa shangazi yako. Akisema "sisi tulianza kuosha mawe pale," muulize, sisi gani? Ni yeye, ni mama yake, ni kizazi gani? Muulize mpaka akuchoke. Watu wetu wanasema kweli, lakini wanaisema kwa namna yao, na ni kazi yako kujifunza namna hiyo kabla ya kushika kalamu. Na kama habari zake hazimo katika kitabu chochote, usinung'unike kwamba kamusi inatudharau. Mrekodi. Nenda kwa walimu wa chuo chako, nenda kwa wenye gazeti la parokia, habari zichapwe huko kwanza, na wewe ndipo uzitaje. Ikichukua mwaka, na ichukue. Ila ile sentensi tamu inayokujia kichwani bila mtu kuisema, hiyo usiiandike hata kama inang'aa vipi. Na utakapokosea, maana utakosea tu, usifute kimya kimya. Sema upesi, sema kwa jina lako, halafu uende kwa uliyemkosea, uiname naye, hata kama hatakuambia neno.

Mungu akushike mkono, Nadege wangu. Akupe subira ya kuuliza na nguvu ya kusema nilikosea. Akuzungushie watu wa kukukanya kwa upole, na wewe akupe moyo wa kuwasikia mapema kuliko nilivyowasikia mimi. Na watu utakaowaandika, wanaotembea na waliolala, wakisomewa maneno yako wajitambue, na wakuombee mema. Amina.